Maneno Mia Tatu

Fomu ya ufadhili inataka maneno mia tatu:
kwa nini ulichagua afya ya uzazi na takwimu za watu.
Mwisho saa sita usiku.
Sasa ni saa mbili na robo, Nyalenda, umeme umerudi
na feni inazunguka kwa kusitasita, kama shahidi aliyetishwa.

Nimeandika: Tangu utotoni nimekuwa na ari.
Nikafuta. Utotoni nilitaka kuwa golikipa.
Nimeandika: Vifo vya watoto wachanga ni changamoto.
Nikafuta. Changamoto ni neno la watu waliokwisha kula.

Basi niseme ilivyokuwa.

Ilikuwa Machi, ghorofa ya tatu,
dirisha likitazama magugumaji yanayosukumwa na upepo
mpaka yakaziba ghuba nzima, kijani, kama uwanja wa mpira.
Mimi, Perez Akeyo na Wekhomba wa Bungoma
tulikabidhiwa miaka ishirini na minane ya madaftari
yaliyokwisha kuingizwa kwenye kompyuta:
kila boma, kila mimba,
nani kazaliwa, nani kaolewa mbali, nani hayupo tena.
Kazi yetu kusafisha.
Ndivyo wanavyosema, kusafisha takwimu,
kana kwamba ni omena, utoe mchanga.

Majina yalikuwa yameondolewa.
Lakini mtu fulani alisahau kuficha namba za nyumba,
na ya kwetu naijua.
Ipo kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa jikoni, kule Seme.
Nilijifunzia kuhesabu pale, kabla ya shule,
mama akisonga ugali:
nne, sifuri, moja, saba.

Nikateremka mstari kwa mstari nikijitafuta,
upuuzi tu, kama mtu anayepita akajichungulia
kwenye kioo cha gari lisilo lake.
Nikajikuta. Kike. Hai. Agosti.
Na mstari mmoja juu yangu:
Kiume. Siku tatu.
Sababu: tisini na tisa.

Tisini na tisa tunaiandika
pale ambapo hakuna aliyeuliza,
au aliuliza, asijibiwe.

Mimi ni kifungua mimba.
Ndivyo nilivyolelewa, ndivyo nilivyowachapa wadogo zangu,
ndivyo ninavyotuma karo kila muhula.

"Umeona kosa?" Wekhomba aliuliza, bila kugeuka.
"Hapana," nikasema. Na halikuwa kosa.

Kiapo cha usiri nilikitia sahihi kwa kalamu yangu.
Kinasema usitoke na ulichokikuta ndani.
Hakisemi ufanyeje
ukikikuta ndani kitu kilichotoka kwenu.

Jioni nikampigia mama.
Nikamuuliza mvua. Imenyesha Kombewa, akasema,
kwetu imepita juu tu.
Nikamuuliza kuku. Nikamuuliza goti.
Akacheka: "Leo unauliza kama wale wa madaftari."
"Walikuwa wakiuliza nini, Mama?"
"Umezaa wangapi. Wako wangapi."
"Ukawajibu?"

Nilisikia sufuria ikiteremshwa mafigani.
"Yule msichana alikuwa na haraka, na wingu limeshuka.
Alitaka namba. Nikampa namba."
Kisha akaniuliza kama ninakula vizuri.

Sasa ni saa tano na dakika arobaini.
Perez ameandika: umetuma?
Sikuweka maboma wala milango wala rangi nyekundu.
Nimeandika kwamba kwenye dodoso kuna swali la kumi na nne,
na kwamba nataka kusomea namna ya kuliuliza
nikiwa nimekaa, daftari limefungwa,
hata mvua ikija.
Pengine hawatanipa. Hawakuuliza hilo.

Kompyuta inahesabu: mia mbili tisini na tisa.
Bado nafasi ya neno moja.
Najua lingekuwa jina la nani.
Jina lenyewe silijui,
na mama, saa hizi, amelala.